KONOKONO WA MPUNGA NA MAFUTA YA MWILI WAKE



Karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako wewe ulimaye mpunga katika mashamba ya Mwea, chini ya Mlima Kenya, yanyweshwayo kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Imeandikwa pia kwa kila mtu alimaye mpunga kwa maji ya mfereji mahali pengine katika Afrika ya Mashariki, maana adui nitakayemtaja, ikiwa hajafika kwenu leo, huenda akafika kesho.

Mwaka 2020 alionekana Mwea konokono mgeni. Wataalamu humwita Pomacea canaliculata. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi ya Argentina na jirani zake. Karibu na mwaka 1980 watu walimpeleka Taiwan wakidhani watamfuga na kumwuza aliwe. Walaji hawakumpenda, biashara ikaanguka, konokono wakatoroka na wengine wakatupwa mitoni. Tangu hapo wameingia katika mashamba ya mpunga ya Ufilipino, Japani, Vietnam na Uchina, na wakulima wa huko wamepata taabu nyingi. Akifikia ukubwa wa punje ya hindi huanza kukata miche michanga. Akiwa mkubwa hupata kadiri ya mpira mdogo wa mezani, naye huweza kuacha pengo tupu usiku mmoja mahali ulipopanda jana.

Najua utaniuliza, “Bwana Shamba, mimi miche yangu yaliwa, nawe waja kunipa habari za mafuta ya konokono?” Nivumilie kidogo. Anayetaka kumshinda mwizi yafaa ajue kwanza mwizi huyo ala nini, aweka akiba yake wapi, na siku gani hana akiba. Konokono huyu ana siku ambazo hana akiba, na siku hizo ndizo zako.

MAFUTA NI KITU GANI KATIKA MWILI

Usidhani mafuta ni yale ya chupa ya jikoni peke yake, wala unono wa nyama ya mbuzi. Wataalamu hutumia neno lipidi kwa jamii nzima ya vitu vya namna hii: mafuta ya kawaida, nta, kolesteroli na vingine vingi, ambavyo tabia yao moja kubwa ni kwamba havichanganyiki na maji. Katika karatasi hii nitaviita mafuta tu.

Mwili wa kila kiumbe, wa mtu, wa ng'ombe, wa konokono, umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani ya chumba mna maji, na nje ya chumba pana maji. Basi ni kitu gani kizuiacho maji ya ndani yasimwagike katika maji ya nje? Ni ukuta mwembamba kupita kiasi, na ukuta huo umefanywa kwa mafuta. Tia tone la mafuta katika sufuria ya maji uone jinsi yanavyokataana, nawe utafahamu kwa nini Muumba wa mwili alichagua kitu hicho kiwe ukuta. Kolesteroli imechomekwa humo kama fito katika ukuta wa udongo, ili ukuta usilegee wala usiwe mgumu mno.

Sasa fikiri habari za konokono mdogo. Siku ya kuanguliwa kwake ni mdogo kuliko punje ya mtama. Baada ya miezi miwili au mitatu ya maji ya vuguvugu na chakula tele, ni mkubwa tayari kutaga. Katika muda huo ameongeza seli zisizohesabika, na kila seli mpya yataka ukuta wake. Asipopata mafuta ya kutosha katika chakula, au kitu cha kuyatengenezea, ujenzi wa mwili hudumaa, hata kama chokaa ya kujengea ganda ipo nyingi majini.

Kazi ya pili ya mafuta ni akiba. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya maradufu ya gramu moja ya wanga au sukari. Konokono huweka wanga pia mwilini, lakini sehemu ya akiba yake ni mafuta, na ghala lake kubwa ni tezi moja laini iliyojikunja ndani kabisa, kule mwisho wa mzunguko wa ganda. Ukimvunja konokono utaiona. Tezi hiyo husaga chakula, hukinyonya na kukiweka, kama kwamba ini na utumbo vimefanywa kuwa kitu kimoja.

Kwamba ghala hili hufuata chakula, jambo hilo limepimwa. Nchini Marekani, katika Lafayette College, Bernard Fried na Joseph Sherma pamoja na wanafunzi wao walifuga konokono wa maji baridi, wakiwemo wale wa jamii ya Biomphalaria ambao kwetu hueneza kichocho. Wengine waliwalisha majani ya saladi, wengine kiini cha yai la kuku, chenye mafuta karibu theluthi moja. Wale wa kiini walijaza mafuta ya akiba katika tezi ile kuliko wale wa majani. Basi konokono hujengwa na mfereji anaokaa. Ukimlisha atanona, ukimnyima atakonda.

KWA NINI MAYAI YAKE NI MEKUNDU KAMA WARIDI

Umekwisha yaona mayai yake: kichala kilichoshikamana juu ya shina la mpunga, juu ya jiwe la mfereji, au juu ya mti wa daraja, daima juu ya maji wala si ndani yake, na rangi yake ni ya waridi inayong'aa. Kichala kimoja chaweza kuwa na mayai mamia kadhaa. Konokono wetu wa asili hawatagi hivyo. Wale wa jamii ya Pila hutaga mayai meupe juu ya maji, na wale wa Lanistes hutaga mayai ya utelezi ndani ya maji. Kwa hiyo rangi ya waridi ni alama ya mgeni, nawe huna haja ya kioo cha kukuzia ili kumtambua.

Rangi hiyo ni jamaa ya rangi ya karoti, na yakaa katika mafuta, haikai katika maji matupu. Wanyama karibu wote hawawezi kuitengeneza wenyewe. Huipata kwa kula mimea, au kwa kula mnyama aliyekula mimea, kisha hufika kuibadili kidogo mwilini. Mwanamke afugaye kuku alijua jambo hili kabla ya wataalamu: kuku aliyefungiwa na kulishwa pumba tupu hutaga yai lenye kiini cheupe, na kuku atembeaye majanini hutaga kiini cha manjano. Konokono ndivyo alivyo. Hula kijani, mafuta ya chakula huichukua rangi, mwili waibadili na kuifunga katika protini maalumu, nayo hutiwa ndani ya yai. Waridi lile unaloliona juu ya mpunga wako limetoka katika kijani cha shamba na mfereji wako mwenyewe.

Huko La Plata, nchini Argentina, Horacio Heras na wenzake wamechunguza mayai haya kwa miaka mingi, na mambo waliyoyapata yatufaa sana. Kwanza, protini ile ya rangi ya waridi haisagiki vizuri tumboni mwa mnyama, hivyo alaye mayai hapati faida. Pili, mna protini nyingine ndani yake ambayo ilipotiwa katika miili ya panya wa maabara iliwadhuru mishipa ya fahamu hata wakafa. Ndiyo maana ndege na wadudu wengi huyaacha yakining'inia wazi mchana kutwa. Mama mmoja aliniuliza kama aweza kuyakusanya awape kuku wake, kwa kuwa yanapendeza. Nikamwambia, la, mama, hasha; yavunje, usiyalishe kitu chochote.

Jambo la tatu ndilo kiini cha karatasi hii. Mtu hudhani kwamba yai la konokono limejaa mafuta kama yai la kuku. Sivyo. Chakula kikuu cha mtoto ndani ya yai hili ni namna ya sukari iitwayo galaktojeni, pamoja na protini. Mafuta ni kidogo sana. Kifaranga wa kuku hutoka na sehemu ya kiini ingali tumboni mwake, kwa hiyo aweza kukaa siku mbili tatu pasipo kula. Konokono mdogo huanguka majini akiwa maskini wa mafuta. Urithi wake ni mchache, naye hana budi kuanza kutafuta mara moja.

MAHALI ANAPOYAPATA

Yule mdogo hana meno ya kukata mche wako. Yeye hukwangua. Hukwangua utelezi wa kijani na wa kahawia uotao juu ya mawe, juu ya kuta za mfereji, juu ya mashina ya magugu yaliyolala majini, na juu ya majani yanayooza. Utelezi huo ni mimea midogo sana ya majini, yaani mwani. Ule wa kahawia hasa, ambao wataalamu huuita daiatomu, huweka akiba yake kwa matone ya mafuta. Kwa mtoto wa konokono, jiwe lenye utelezi ni kama sahani iliyopakwa siagi.

Akikua huongeza majani. Jani bichi likionekana kavu na lisilo na mafuta, macho yakudanganya. Chembe zake za kijani zimejaa kuta nyembamba za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi iitwayo linoleniki. Mche mchanga wa mpunga ni laini, hutafunika upesi, na kijani chake chote hupatikana kwa kazi ndogo. Mpunga ukikomaa shina hukakamaa na kujaa silika, ambayo ni kitu kile kile kilichomo katika mchanga, naye konokono huona kazi imezidi faida. Kwa sababu hii hatari kubwa ni tangu siku ya kupandikiza hata siku ya 30 hivi. Baada ya hapo ataendelea kuishi shambani, akila magugu na mwani, lakini mpunga wako umemponyoka.

Sasa angalia sisi wenyewe tunavyomwandalia meza. Mbolea ya chumvi iliyomwagwa wakati maji yanapita huchukuliwa mferejini, na huko hustawisha mwani badala ya mpunga. Magugu yafyekwayo kandokando ya mfereji huachwa yaangukie ndani yaoze. Mabaki ya mboga hutupwa hapo hapo watu wanapochotea maji. Sisemi kwamba mfereji safi hauna konokono kabisa. Nasema mfereji mchafu hunenepesha konokono, na konokono mnene ndiye atagaye vichala vingi.

Mfano uko nchini Senegal. Huko konokono ni wa kichocho, si huyu wetu wa mpunga, lakini hesabu ya chakula ni moja. Katika vijiji 16 vya bonde la mto Senegal, wataalamu na wanavijiji walitoa magugu ya majini mahali watu waingiapo majini katika baadhi ya vijiji, na vingine wakaviacha vilivyo ili walinganishe. Habari zilitolewa mwaka 2023: pale palipoachwa, watoto waliotibiwa kichocho cha tumbo waliambukizwa tena kwa kadiri iliyopita maradufu ya pale palipofyekwa. Na magugu yaliyotolewa hayakutupwa. Yalilishwa mifugo, na mengine yakafanywa mboji ya kustawisha vitunguu na pilipili. Mimi habari hii ya mboji hunipendeza kuliko zote, kwa sababu mkulima aliyeambiwa afyeke mfereji bure hufyeka mara moja, na aliyeambiwa achukue mboji hufyeka kila msimu.

MAMBO YA KUFANYA

Anza na mayai, maana kichala kimoja kikivunjwa ni mamia ya konokono ambao hutawatafuta tena. Mayai huanguliwa kwa siku 7 mpaka 15 tangu kutagwa, nayo yakikaribia kuanguliwa hupauka rangi. Basi zunguka matuta na mifereji yako kila siku ya sita, wala usipitishe. Ukichomeka vijiti vya mwanzi hapa na pale majini, majike watavipanda watage juu yake, nawe utayapata mayai mahali pamoja badala ya kuyasaka katika mpunga. Yaponde kwa kijiti. Usiyashike kwa mikono mitupu, wala usiguse macho kabla ya kunawa.

Kuokota konokono wenyewe ni kazi ya alfajiri na ya jioni, kwa sababu wakati wa jua kali hujificha. Kabla ya kupandikiza, sawazisha shamba vizuri, kisha chimba ndani yake vijifereji vyembamba vya upana wa jembe na kina cha vidole vitatu hivi. Ukipunguza maji, konokono watafuata maji na kukusanyika humo. Tia majani ya mpapai au ya magimbi katika vijifereji hivyo. Watayakimbilia, nawe utawaokota kwa ndoo. Watu wengine hucheka chambo hiki, lakini kumbuka tulivyosema: yeye atafuta kijani laini. Ukimpa kijani kisicho na thamani kwako, hukipata kabla ya kufika kwenye miche.

Juu ya maji, siku zile za kwanza za miche yaweke chini ya sentimita 2. Konokono hutembea kwa shida katika maji machache, na asiyetembea hali. Nakubali kwamba maji machache huleta magugu, na kupalilia ni kazi yenye jasho. Hapo huna budi kuchagua, na mimi nachagua jembe. Gugu laweza kung'olewa wiki ijayo. Mche ulioliwa haurudi.

Umri wa mche nao una neno. Mche wa siku 25 hadi 30 kitaluni huvumilia kuliko ulio mchanga. Wapo wakulima wa Mwea wapandao mche mmoja mmoja ukiwa mchanga sana, kwa maji machache ya zamu, nao huvuna vema. Maji yao machache ni kinga nzuri, bali mche mmoja ukikatwa hakuna ndugu yake wa kuziba pengo. Afuataye njia hiyo aokote konokono kabla ya kupanda, si baada ya kuona mapengo, na aweke miche ya akiba kitaluni.

Funga wavu kwenye mlango wa maji na kwenye njia ya kutokea. Wavu utazuia wakubwa, hautazuia waliozaliwa jana. Mpunga ukipita siku 30 au 35 waweza kuingiza bata. Hao hula wadogo kwa furaha, na bata huona kilichopita macho yako. Ukiwaingiza mapema watakanyaga na kung'oa miche, nawe utamlaumu konokono bure.

Shamba likikauka baada ya mavuno, usidhani wamekufa. Hujifukia matopeni, hufunga mlango wa ganda, na huweza kungoja maji miezi kadhaa wakiishi polepole kwa akiba ya mwili. Kulima na kuvuruga udongo kwa mashine huwaponda wengi wangali humo. Wale waliosalia huamka wakiwa wamekonda, na hapo ndipo chambo cha mpapai hufanya kazi zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Waliookotwa wasitupwe barabarani wala mtoni. Waponde na kuwafukia, au wachemshe barabara, uwatoe katika ganda na kuwachanganya na chakula cha kuku na nguruwe; nyama yao ina protini nyingi na mafuta machache. Wasiliwe wabichi na mtu wala mnyama. Konokono huyu aweza kubeba mnyoo wa panya ambao ukimwingia mtu huelekea kwenye ubongo. Watoto wasiwachezee.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Katika Asia wakulima humwaga mashudu ya mbegu za mchai. Mashudu hayo yana saponini, kitu kitoacho povu kama sabuni. Saponini hukamata kolesteroli katika kuta za seli, ukuta hutoboka, na konokono hufa. Kwa njia ya namna hiyo hiyo mwaka 1964 Aklilu Lemma, mtaalamu wa Ethiopia, aligundua kwamba matunda ya endodi, ambayo wanawake wa kwao hufulia nguo, huua konokono wa kichocho. Lakini samaki naye ana kuta za mafuta katika mashavu yake, na chura vivyo hivyo, dawa haichagui. Usimwage kitu chochote katika mfereji wa watu wote pasipo idhini ya Bwana Shamba, na mafuta ya gari machafu au mafuta ya taa usiyamwage kabisa, maana yataharibu maji ya kunywa ya jirani zako, naye konokono atafunga mlango wake na kungoja yapite.

Ukiona mayai ya waridi mahali ambapo hayajapata kuonekana, yaponde yote. Mchukue konokono mmoja tu, mchemshe kwanza ili asiweze kutoroka njiani, mtie katika chupa, uandike katika kijikaratasi jina la mfereji, siku, na idadi ya vichala ulivyovikuta, kisha upeleke katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe.